Wifi Alivyoshika Pochi Baharini

Dar es Salaam

Kwa Yaya wangu, dada yangu mkubwa Mwamini, Kasongo,

Pokea salamu za mdogo wako Riziki, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mnaendeleaje huko? Goti la Mama limepoa, au bado anajikaza kwenda shamba huku anachechemea? Mihogo ya upande wa mto mmeshaing'oa? Sisi huku wazima. Baba Zawadi anauza vitenge vyake sokoni kama kawaida, na Zawadi meno ya mbele yamemtoka, akicheka anafanana na marehemu Baba kabisa. Nikimtazama nafurahi, halafu roho inaniuma.

Inaniuma kwa sababu unayoijua. Baba alipofariki nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wa safari. Ndipo Sakina, dada yake mume wangu, akapiga simu kutoka huko. Sauti ilikuwa juu, nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia ndugu yake: "Mutu amekwisha kufa. Nauli ya nini? Ataenda kumufufua?" Baba Zawadi akanitazama, akatazama chini, nami nikaufungua mzigo. Ninyi mkamzika Baba, mimi nikamlilia jikoni huku nasonga bugali ili watu wale. Sijamsamehe Sakina. Sema utakalo, Yaya, mimi sijamsamehe.

Basi mwezi uliopita huyo huyo Sakina akaja kwetu kutibiwa macho. Ugonjwa wa macho haukumzuia kuona kitu. Aliona sabuni inakwisha upesi, aliona makaa nayawasha mapema, aliona nanunua nyanya nzima wakati zilizopondeka zipo. Kila jioni alimwambia ndugu yake kwamba mimi mharibifu, aninyang'anye pochi ya nyumba, na akiba yote itumwe Kasongo aitunze yeye. Nilijua anakoelekea. Mama alikwisha kutuambia kwamba matanga ya Baba yataondolewa baada ya mavuno, na nauli yangu nimekuwa nikiiweka katika akiba hiyo hiyo kidogo kidogo. Pochi ikienda kwa Sakina, hata kaburi la Baba sitaliona.

Alipomaliza matibabu, Baba Zawadi akasema twende Bagamoyo tupumzike kidogo kando ya bahari. Kuna fundi cherehani wa kwetu Kabambare anayeishi kule, akatupa chumba bure. Nikafunga sufuria, unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kutwangwa na chupa ya mawese, ili tusile hotelini. Halafu, mbele ya mume wangu, nikamwambia Sakina kwa sauti tamu kama ya bibi harusi: "Dada, wewe ndiye unayejua kubana matumizi. Shika pochi wewe. Tukirudi, ndugu yako ataamua nani aendelee kuishika." Baba Zawadi akafurahi, akadhani tumepatana. Wanaume, Yaya. Sikuwa nimetega mtego wowote, nilijua tu kwamba mwenye majivuno hujitegea mwenyewe.

Siku ya kwanza alinishinda, sifichi. Bahari ni kubwa, Sakina aliyekulia Nyangwe kando ya mto akasimama pale akitafuta ng'ambo yake, akaikosa. Viti vya ufukweni ni vya kulipia, kwa hiyo tulitandika kitenge changu mchangani. Zawadi alicheza majini mpaka vidole vikakunjamana. Akaomba dafu, Sakina akamwambia maji yapo nyumbani. Tulikula bugali letu baridi na sombe, na upepo ule ulivyokuwa unavuma, nakwambia lilikuwa tamu. Nililala chali, nikafumba macho, nikasikiliza maji. Ni starehe ambayo haiulizi una nini mfukoni. Hakuna hata senti iliyotoka siku ile, na Baba Zawadi akaniuliza kama ninaona jinsi dada yake anavyotunza. Nikasema ninaona.

Asubuhi yake Sakina akatangaza kwamba ataenda mwenyewe sokoni kununua samaki wa mchuzi, mmoja tu, kwa kuwa hakuna muuza samaki awezaye kumdanganya mwana wa Nyangwe. Nikamsindikiza.

Unakumbuka tunavyonunua samaki Nyangwe. Mtumbwi ukifika, unawahi kuweka mkono juu ya samaki unaowataka, wengine wasiwaguse, na hapo ndipo maneno yanaanza. Mvuvi anataja bei, unaitikia kwa kichwa kuonyesha umesikia, unacheka, unamuulizia mke wake, unateremsha, unadai matabishi, ile nyongeza ya bure. Msipoelewana unaondoa mkono, unakwenda zako, na hakuna anayekasirika.

Huku kuna mnada. Samaki wanamwagwa chini kwa mafungu, dalali anapaza bei, watu wanapandisha. Mimi nimeishi pwani miaka, naujua. Sakina akapasua katikati ya watu, akafika kwenye fungu kubwa kuliko yote, fungu la kutosha kuwalisha waombolezaji, akaweka mkono juu ya samaki mmoja aliyemtaka humo. Dalali akataja bei iliyofikiwa, akamtazama. Sakina akaitikia kwa kichwa. Dalali akataja tena. Sakina akaitikia tena, akatabasamu, akijiandaa kumuulizia mke wake.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, Yaya. Ningeweza kumvuta kanga. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa. Nikakumbuka ule mzigo nilioufungua, nikaurudisha mkono wangu chini ya mtandio.

Dalali akafunga bei, akahamia fungu lingine. Sakina akamfuata akimwambia, "Baba, tuzungumuze. Hii bei ni ya kuanzia."

Dalali akamjibu kwa upole, "Mama, hapa bei imeishia. Umeshanunua fungu zima."

Akageuka kunitafuta. Nikawa natazama bahari. Alibisha, akalia, akataja jina la baba yake na la babu yake, lakini wanawake wa pale wakamwambia aliyeitikia mnada analipa, na vijana wa kubeba beseni wakawa tayari wanamsubiri. Pochi ikatoka ikiwa na kila tulichokuja nacho, hata nauli ya kurudi Dar es Salaam; akiba tu ndiyo tuliyoiacha nyumbani. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo, halafu haya ikaisha.

Tulirudi kwa fundi na samaki wa kujaza ua. Baba Zawadi akauliza kama kuna harusi. Sakina akasema ametapeliwa, na fundi, ambaye ni mkazi wa siku nyingi, akacheka mpaka akaacha kushona. Nikaomba kuni, nikatengeneza uchanja, nikawasha moto wa moshi kama tulivyofundishwa na Mama, tukabanika kutwa nzima. Kesho yake nikajitwika beseni, nikapita nyumba kwa nyumba nikiuza samaki wa moshi, na jioni nauli ya kurudi ikapatikana, na dafu la Zawadi pia. Sakina alikuwepo mtoto alipolinywa. Nilihakikisha yupo.

Baba Zawadi alinirudishia pochi pale pale uani, mbele ya dada yake na mbele ya fundi. Akasema, "Mama Zawadi, ishike. Na kwa matanga ya baba yako utaenda. Nilikosea ile siku." Nililia, Yaya, na sikujificha.

Jioni ya mwisho tulibaki wawili kwenye moshi, Sakina na mimi, tukigeuza samaki waliobaki. Akasema bila kunitazama, "Mulamu, wifi yangu, tafazali, ile maneno ya samaki usiiseme kule kwetu. Watu watanicheka mupaka nikufe."

Nikamuuliza kama anakumbuka alichosema Baba alipofariki. Akageuza samaki mmoja, akageuza na wa pili. "Nakumbuka," akasema. Nikangoja neno lingine lifuate. Halikufuata. Angesema pole tu, hata pole ya mdomoni, barua hii nisingeiandika.

Nikamwambia, "Mimi sitafungua mdomo."

Mwambie Mama nakuja, asijichoshe kutwanga peke yake. Msalimie shangazi yetu msuka mikeka, mjomba katekista, na kaka Saidi anayebeba abiria kwa pikipiki kwenda Wamaza. Kawabusu wanao.

Sakina na mimi tutasafiri pamoja, lakini barua hii inatutangulia mikononi mwa mfanyabiashara anayevuka ziwa na kupita Kalemie. Ikifika, waite watu wa kwao wote, wale waliosikia habari ya nauli yangu wakanyamaza. Wakalishe uani, wape chai, uwasomee kwa sauti, na pale pa mnada usipite haraka. Sakina akishuka kwenye pikipiki akaona wanavyomtazama, atanigeukia. Nami nitamwambia kweli tupu, kwamba mdomo wangu haujafunguka.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka kila siku,

Riziki, Mama Zawadi