Meno ya Shangazi Skola

Raya shoga, acha unachofanya usome hapa. Shangazi Skola kabatizwa asubuhi hii baharini Bagamoyo, na meno yake ya mbele yamebaki majini!!

Ndiyo, MENO. Kumbe yalikuwa ya bandia. Hata mumewe hakujua!

Ilikuwa hivi. Mchungaji Elikana alihubiri pale ufukweni kwamba Mungu aliyeumba bahari na samaki wake hashindwi kumuumba mtu upya, na kwamba anayemwamini Yesu anazaliwa mara ya pili. Shangazi akalia, akaingia majini na kanzu yake nyeupe. Mchungaji akamzamisha, na wimbi nalo likampiga usoni. Akaibuka anakohoa, mkono mdomoni.

"Dada, toa ushuhuda!" mchungaji akamwambia.

"Umeokoka?" Anaitikia kwa kichwa tu. Watu wakadhani kapagawa, wakaanza kukemea mapepo. Mapepo, Raya!!

Na unamjua shangazi alivyo, dukani tu haendi bila wanja. Akasimama pale anamtazama mumewe, anaitazama bahari, kama anayefikiria kurudi chini akae hukohuko. Halafu akashusha mkono. Pengo tupu!

Mumewe kaduwaa: "Mama Eliya, meno yako yako wapi?"

Shangazi akacheka, shoga, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, mdomo wazi mbele ya kanisa zima. Akamwambia, "Baba Eliya, umeona wapi mtoto akazaliwa na meno?"