Getanuwas Hukuitoa, Gidahosh

Mwaka umetimia, Gidahosh, tangu Jumatano ile kabla ya Pasaka ulipotutoka, mbuzi wa sikukuu akiwa amefungwa uani na mchele umeshachaguliwa. Kwa kalenda ya ukutani mwaka wako unatimia wiki hii. Kwa hesabu ya nyumbani ulitimia Pasaka, na Pasaka hiyo ndiyo tunayotaka uisikie, kwa sababu walisema haitakuwepo.

Wapo watakaosoma hapa na kuuliza tangu lini mama mkwe anamwandikia mkwe wake kumbukumbu. Tangu leo. Mama mkwe wako Natalia ndiye aliyesema iandikwe, mkeo Judica akakubali, na wanao Eva na Patriki wakataka kila mmoja atie neno lake.

Wasiokujua wakujue kidogo. Ulikuwa mfugaji wa Getanuwas, Hanang, mtu mrefu wa sauti ndogo, uliyejua kila ng'ombe wako kwa jina na kwa tabia. Ulimuoa Judica wa kijiji cha Daudi, kule Mbulu juu kwenye baridi. Kati ya nyumba hizi mbili kuna siku nzima ya barabara, na mvua ikiamua, zaidi. Watu walisema binti ameolewa mbali, sasa ataonekana kwenye misiba tu. Wewe siku ya harusi ukasimama mbele ya wazee ukasema Krismasi ni Daudi, Pasaka ni Getanuwas, na nyumba inahama yote, mwenye meno na asiye na meno. Wazee wakacheka. Walidhani ni maneno ya bwana harusi, yataisha pamoja na keki.

Krismasi ukatokea. Ulishuka stendi ya Mbulu na beberu ndani ya gunia, kichwa nje, ukampakia kwenye boda boda katikati yako na dereva kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watoto wa Daudi walikimbia nyuma ya pikipiki hiyo mpaka mlangoni. Hadi leo wakimwona mbuzi yeyote wanauliza kama na huyu anajua kupanda.

Lakini kula ilikuwa kazi. Heshima uliyolelewa nayo haikukuruhusu kutafuna mbele ya mama mkwe. Natalia akiingia sebuleni, wewe unatoka na sahani yako. Akitoka uani, unazunguka nyuma ya jiko. Mwishowe mkakaa hivyo, yeye ndani kwenye mafiga, wewe nje chini ya upenu, ukuta wa udongo katikati. Naye Natalia si mtu wa kukaa na ukuta kimya.

"Kitendawili," akasema kutoka huko ndani.

Kisha sauti yako ndogo ikaja. "Tega, mama."

"Ninaye mjumbe, anafika kwa jirani kabla sijamtuma."

Ulitaja upepo, ukataja jogoo, ukataja moshi, ukashindwa. Akadai mji, kama inavyodaiwa kwa aliyeshindwa. Ukampa Arusha. Akaila Arusha yote, na maduka yake, ndipo akakuambia ni harufu ya nyama.

Nawe ukatega chako. Ulisema kuna kitu, watu wakija ni kidogo, watu wakiondoka ni kikubwa. Natalia alikuwa amefiwa na mume siku nyingi, marehemu mzee Tluway, na watoto walikuwa wametawanyika kila mmoja na kazi yake. Akawaza, akawaza, akakupa Mbulu nzima na soko lake. Ukamwambia ni nyumba. Aliongeza kuni, akapakua tena nyama, akaipitisha dirishani bila kuitwa.

Toka hapo Krismasi zote zilikuwa hivyo. Ulimpa Moshi, ukampa Singida, Dodoma, Mwanza, siku moja ukampa na Bukoba ambako hujawahi kukanyaga. Mji mmoja tu ulikuwa huutoi. Natalia akiutaka, unakataa katakata. "Getanuwas siitoi, mama. Nikiitoa, Pasaka mtakwenda wapi?"

Ukuta nao ukaja kuvunjika, si kwa nyundo. Krismasi moja mvua ilishuka kwa mshazari, ikaingia mpaka upenuni, na wewe bado umekaa pale na sahani yako. Natalia akachungulia dirishani akauliza ni heshima gani hii ya kunywa mchuzi wa mvua, akakuamuru uingie. Ukaingia. Ukala umempa mgongo. Mwaka uliofuata ukampa bega. Ukaenda ukigeuka hivyo kidogo kidogo kama mlango wenye kutu, mpaka mwaka Patriki alipozaliwa ukala umemtazama usoni, ukavunja mfupa kwa meno, ukanyonya na uboho. Jirani mmoja akasema siku hizi hakuna adabu. Natalia akamwambia adabu ipo, imekaa pale, inakula.

Na Pasaka zako, Gidahosh. Nani atazisimulia zikaisha? Sisi watu wa baridi tulifika Getanuwas na masweta, tukayavua moja moja mpaka jioni. Maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Mbavu zilizosimamishwa pembeni ya moto, zinadondosha mafuta taratibu. Wanawake wa Daudi wakishika ndoo unawapokonya, unawaambia wamesafiri, wakae, na wewe unakwenda kupasua kuni huku wanaume wenzako wanakucheka. Uliwaacha wacheke. Jumatatu ya Pasaka ulikuwa unatandika ngozi kivulini, unalala chali, na yeyote aliyetaja kazi alitozwa kitendawili. Hukuwahi kumuuliza mgeni anaondoka lini. Ulisema swali hilo lina mlango ndani yake.

Halafu ukaumwa, na haukuwa ugonjwa wa kukaa. Yule mbuzi wa sikukuu akaliwa na waombolezaji. Wageni wa Pasaka walifika na magauni yao mapya, wakayavaa kaburini.

Ndipo wakaanza kusema.

Huko Daudi alianza shemeji yake Natalia, mzee Akonaay. Krismasi iliyopita Judica alikuja na watoto kama kawaida, nyumba ikajaa, kila mtu anajitahidi. Akonaay akala sahani mbili, akanawa, akakausha mikono vizuri, ndipo akasema kwamba haya mambo ya kusafirisha ukoo mzima kwenda Hanang sasa yafike mwisho. "Mkwe amekufa. Mnakwenda kwa nani?"

Watu wakatazama chini. Judica akainuka kutoa vyombo. Natalia hakutazama chini.

"Shemeji," akasema, "Gidahosh alitoa miji yote ya nchi hii mpaka Bukoba. Getanuwas hakuitoa. Wewe unaitoa kama nani?"

Huko Getanuwas ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu aliyesema ni kaka yako Gidamis, na boma sasa liko chini yake. Alimwambia Judica kwamba Pasaka hii pawe kimya, hakuna wageni, hakuna moto mkubwa. Judica ni mke wa boma lile, hakutaka kubishana na shemeji yake mkubwa. Alimpigia mama yake simu, akamweleza kwa kuzungukazunguka, akamalizia kwa kusema pengine ni vizuri mpumzike tu mwaka huu.

Tuseme kweli, maana wewe unamjua. Gidamis hana roho mbaya. Tangu mazishi alikuwa akija kuhudumia mifugo yako asubuhi na jioni, lakini uani hakanyagi. Anapita nyuma ya zizi. Kwake yeye, mtu akicheka pale ulipokuwa unacheka wewe, ni kama amekukanyaga. Alikuwa anakulinda. Ila alikulinda kwa kufunga mlango, na mlango wako wewe haukuwa wa kufungwa.

Natalia akachukua simu akampigia mwenyewe. Gidamis akaamkia, shikamoo mama, akaulizwa hali, akajibu za ng'ombe na za mvua. Kisha akasema kwa upole kwamba wasihangaike kuja, huku mwenyeji hayupo.

"Judica yupo," Natalia akasema. "Na kama Judica anaona haya, mwenyeji nitakuja kuwa mimi. Wewe jiandae kuwa mgeni."

Gidamis aliaga kwa heshima, bila kusema njoo wala usije.

Ijumaa Kuu tulisali. Jumamosi alfajiri gari la kukodi likawa tayari, magodoro juu yamefunikwa turubai, masufuria, mchele, gunia la viazi vya Daudi, mbuzi mmoja, na kwenye kiti cha mbele tukamkuta mzee Akonaay amekaa, kofia kichwani, hakuna aliyemwita. Alisema anakwenda kuangalia tusije tukaaibika. Natalia akamwambia basi ashike ndoo ya mayai. Aliishika mapajani Dongobesh yote, Haydom yote, na baada ya Basotu tuliponasa kwenye tope, wakati wote tunasukuma, yeye alisimama kando ya barabara na ndoo yake, akituelekeza. Hakuna yai lililovunjika. Hilo tunampa.

Tulifika jua limeinama. Judica alitoka mbio akasimama katikati ya uwanja, hajui kama aruke au alie. Gidamis alikuwa amesimama kwenye zizi. Akamwamkia Natalia, akaamkia na Akonaay, akarudi kwa ng'ombe. Usiku ule tulikula viporo vya safari, tukatandika magodoro sakafuni, tukalala kama watu waliokuja bila mwaliko, maana ndivyo tulivyokuwa.

Jumapili baada ya ibada Natalia akafunga kanga kiunoni. Moto mmoja akasema haumtoshi, akawasha na wa pili, uani, palepale ulipokuwa unawasha wewe. Judica akasita. Mama yake akampa mwiko. Pilau ikaanza kunukia, na kimya kile bado kiko palepale, watu wanaongea kwa minong'ono kama wako wodini. Gidamis amekaa mbali kwenye gogo, uso kaelekeza kwenye mlima.

Natalia akatega kitendawili kwa sauti kubwa, kwa ajili ya watoto. "Nimebeba godoro na ndoo, wala sijui naenda kulala wapi."

Watoto wakataja konokono, wakataja punda. Eva akawa amejibana, midomo imeanza kumcheza. Akasema ni babu Akonaay. Na akacheka, Gidahosh. Kicheko chako kilekile, kidogo halafu kinakatika halafu kinarudi. Hapohapo akakumbuka, akamtazama baba yake mkubwa, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Uwanja mzima ukaganda. Hata Akonaay, aliyekuwa ameanza kununa, akasahau kununa.

"Toa mikono, mama," Natalia akamwambia mjukuu wake. "Baba yako hakuficha meno kwenye uwanja huu, na wewe hutaficha. Anayeona kicheko hiki ni kumsahau Gidahosh, aje aniambie mimi."

Alisema akimtazama Eva. Kila mtu alijua anaambiwa nani.

Gidamis akainuka. Akasimama wima pale penye gogo kwanza, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akaondoka kuelekea zizini bila neno. Judica akasema mama umeharibu. Natalia akakoroga sufuria. Sufuria haikuhitaji kukorogwa.

Gidamis akarudi anamvuta kondoo, dume lenye mkia mnene, ambalo wewe mwenyewe ulilikuza. Akapita katikati ya uwanja, si nyuma. Akamwita Patriki ashike kamba. Akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba watu ni wengi na mbuzi tuliyekuja naye ni mdogo, watu wa Mbulu hawajui kuchagua mbuzi. Akonaay akakasirika kwelikweli, akaanza kutetea mbuzi wa Mbulu, na ubishi huo ulikwenda mpaka nyama ikaiva, mpaka ikaisha, na majirani walioingia mmoja mmoja wakagawanyika pande mbili. Jumatatu hatukufanya kazi yoyote. Tulitandika ngozi. Tulilala chali.

Jumanne asubuhi, magodoro yanafungwa juu ya gari, Gidamis alikuja akasimama. Alivuta kamba kuona kama imekaza, akaifungua, akaifunga upya kwa fundo lake. Hakumtazama Natalia, alikuwa anaitazama kamba.

"Mwakani msibebe magodoro, mama," akasema. "Mtakuta vitanda."

Umesikia, Gidahosh. Maneno ya kaka yako, mbele ya watu.

Unakumbukwa na mkeo Judica. Wanao Eva na Patriki. Kaka yako Gidamis na boma lote la Getanuwas. Shemeji zako wote wa Daudi. Mzee Akonaay, ambaye ameomba jina lake lisiachwe. Na mama mkwe wako Natalia, anayeandika bila kukupa mgongo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii Daudi, na chakula kipo, yeyote anakaribishwa. Haulizwi anaondoka lini.

Siku zote utakuwa nasi mioyoni, nasi siku zote tutakuwa njiani kuja kwako. Hatukusahau, na hatubaki nyumbani.