Wiki Tatu Bila Kumpakata Mtoto

Muheto, Jumanne

Kwako kaka Jérémie,

Nakusalimu kwa mapendo. Natumaini uko mzima huko Walikale na kwamba wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Mama analalamika goti na kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ni mzima. Mkeo Falone anarudisha nguvu, na mtoto ananyonya vizuri. Mimi ndiye situlii. Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara nimeinuka kwenda kufagia uwanja usio na takataka.

Nikueleze kwanza ya Kampala. Unakumbuka nilivyokuwa: moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Huko hospitalini walinipa kwanza iodini yenye mionzi kidogo, wakanilaza chini ya mashine, nikaona mwenyewe kwenye picha rovu la shingoni mwangu linavyong'aa. Daktari alisema rovu lina njaa ya iodini, kwa hiyo litaimeza dawa lenyewe na dawa italipunguza kutoka ndani. Jumatatu ya wiki jana nikapewa kidonge kimoja chenye mionzi mingi zaidi, kilichotolewa kwenye chupa nzito ya chuma. Nilikasirika kidogo, safari yote ile kwa kidonge kimoja.

Kisha akanipa masharti kwenye karatasi. Kwa wiki tatu nilale peke yangu, sahani yangu iwe yangu, nisikae karibu na mwenye mimba, na nisimshike kabisa mtoto mchanga, maana mwili wangu wenyewe ulikuwa unatoa mionzi.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Nilimwambia Mama nimechoka, nikajifungia chumba cha nyuma. Karatasi sikumwonyesha mtu. Unawajua watu wetu, wangesema nimerudi na sumu mwilini, na nani angekula tena kwangu?

Jumapili ikawa siku ya jina. Wewe mwenyewe ulituma neno kwamba mtoto aitwe Adelaïde, kama mimi, na kwetu hakuna anayelitamka jina kabla shangazi hajampakata mtoto. Nikasingizia homa. Mama akanikatiza: «Shangazi njo anashikaka mutoto, hapana muntu mwingine.» Falone akauliza polepole kama nimelikataa jina la mtoto wake. Kaka, baada ya wale watoto wawili mliowazika, ningemjibu nini? Nikanyoosha mikono.

Jana nilipanda kilimani kutafuta réseau ya simu, nikampigia daktari. Aliniuliza nilimshika kwa muda gani. Nikasema dakika tano. Akasema dakika tano hazimtishi, ila nisirudie. Nilishuka nikiwa mwepesi, na kabla sijafika nyumbani wepesi ule ulikuwa umekwisha.

Ukweli ni huu. Jina lilipotajwa, mtoto alilala kifuani mwangu, uso wake shingoni pangu. Falone alikuwa amechoka, akaniachia. Wanawake wakabandika maharagwe, yakachemka, yakaiva, yakapakuliwa, na bado nilikuwa naye. Wakati huo hakuna aliyenilazimisha. Mama alinyoosha mikono ampokee, nikasema mwache alale. Miaka kumi na mbili katika ndoa sijapata wangu, na sikutaka kumtoa. Masharti niliyakumbuka muda wote, neno kwa neno.

Barua hii naikabidhi sasa kwa Marcellin wa pikipiki, ili nisiweze kubadili mawazo. Akiondoka tu naingia kwa Falone kumwambia yote, kisha tutapanda pamoja kumpigia daktari, nimtajie saa zenyewe huku Falone akisikia.

Wasalimu walimu wenzako. Mama anakuombea kila siku. Na kama utataka mtoto aitwe jina lingine, liandike tu, nami nitalipokea bila kuuliza.

Ni mimi dada yako,
Adelaïde