Vioo vya Mama Zaituni

Kisugu, Jumanne, 1974. Mvua ya asubuhi imekatika na hewa ni safi.

Niwie radhi, shajara yangu. Miezi minne sijakufungua. Jirani yetu alipochukuliwa na gari la askari, niliogopa kila kilichoandikwa. Wewe nilikuficha ndani ya gunia la mkaa. Madaftari mawili ya majina ya zamani ya barabara za Kampala, niliyoyakusanya kwa miaka mingi, niliyatia motoni.

Hakuna aliyenilazimisha. Niliyachoma mwenyewe.

Leo, hata hivyo, nina furaha. Nilikwenda Nakawa kununua mafuta ya taa, nikapita kwenye studio ya picha iliyoachwa na Mhindi aliyefukuzwa. Sasa studio hiyo amepewa sajini mmoja wa jeshi. Mkewe, Mama Zaituni, alikuwa amechutama uani akisugua vioo kwa majivu. Vilikuwa vioo vya picha, vya kabla ya filamu, ambamo weusi huonekana weupe na weupe huonekana weusi. Maji ya ndoo yalikuwa kama wino. Ndani yake ilikuwamo Kampala ya ujana wangu.

Nilipaza sauti kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mzee, unanigombeza kwa nyumba yangu?" alicheka. "Mvua inalala na watoto. Sasa niweke picha ya watu walikufa, ama niweke dirisha?"

Alisema kweli. Vioo vya madirisha havipatikani mjini.

Masanduku matatu ya vioo hivyo yalikuwa hayajaguswa. Niliinua kioo kimoja juani: wanawake wanne waliovaa magauni ya gomesi mbele ya duka, na baiskeli. Alisogea kutazama.

"Kumbe wako kama majini, sura nyeupe hivi!" Akakitazama tena, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Leta kioo, chukua kioo. Kimoja kwa kimoja. Nangoja mpaka Ijumaa."

Madirisha yetu yana vioo vya kipimo kilekile. Nikivitoa vyote, nitaokoa masanduku yote matatu. Lakini mke wangu ana kifua, na masika ndiyo kwanza yameanza. Je, nina haki ya kumlaza kwenye baridi kwa ajili ya wanawake wanne nisiowajua?

Nilimweleza wakati wa chai. Akasema, "Chumba cha kulala usikiguse, Baba. Sebule tutaizungumza."

Sijamsikia akisema hapana.

Tukishaamua nitaandika, hata ikinibidi kuukandamiza ukurasa kwa mkono wa pili ili usipeperushwe na upepo wa sebuleni.