Aliyechuma Kando Yangu

Mjukuu wangu Chebet,

Huku tuko wazima, na ng'ombe wetu amezaa. Umeniuliza kama kutolewa vinyama vilivyoota ndani ya utumbo, kwa ule mpira wenye kamera, ni hatari. Mimi nilitolewa viwili, sikusikia uchungu. Daktari alinionya kwamba kidonda kinaweza kutoa damu hata baada ya siku kadhaa, nisibebe mzigo. Siku ya tano niliona majani ya chai yanakomaa, nikabeba kikapu kwenda kuchuma.

Kwenye ukungu, mtu alikuwa akichuma mstari wa kando yangu. Nikisimama, anasimama. Akaniita jina langu la utotoni, kwa sauti ya marehemu mama. Nilipogeuka kumfuata, niliona damu miguuni mwangu, nikapiga kelele. Majirani wakanikimbiza hospitali.

Wewe kubali kutolewa, halafu pumzika. Waliorudi kuchukua kikapu changu walikuta mstari ule wa kando yangu umechumwa, mpaka pale nilipopigia kelele.

Nyanya yako