Bahasha Aliyoifungua Babu

Mjukuu wangu,

Mayai nimeyafunika na sahani. Nimekwenda chuo chako cha zamani kuomba nakala nyingine ya matokeo yako, ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Wewe wahi chuo kipya, mwombe yule karani akusubiri mpaka jioni. Nikiileta, masomo yako yote yatahesabiwa. Hutaanza mwaka wa kwanza tena.

~~Babu yako mwache anune.~~ Hapana. Kabla hujatoka, mpelekee chai uani. Tangu ulipomfokea asubuhi, "Nani alikutuma uifungue bahasha yangu!", hajatia kitu kinywani.

Hakujua, mama. Hata mimi sikujua kwamba ikishafunguliwa nyumbani, chuo hawaipokei tena. Jana alitaka nimsomee somo moja moja, hata yale yanayovunja ulimi, na kila moja anauliza, "Na hilo kafaulu?" Namwambia kafaulu. "Hebu rudia."

Karatasi zenyewe ziko chini ya redio. Lile somo la mwisho lilinishinda kutamka, nikaliruka kimyakimya. Msomee wewe.

Bibi yako