Mlango wa Nyuma wa Landrova Yako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini mkono umegoma kuanza bila hiyo.

Leo ni Jumapili, mchana. Mama amejilaza baada ya ibada, nami nimekaa sebuleni kwenye kiti chako, kile ulichofunga mguu wake kwa waya. Kesho saa tatu asubuhi natakiwa kuwa mahakamani Kiomboi. Usishtuke, sijashtakiwa. Ila nimeharibu kitu chako, na nimeona afadhali ukisikie kwangu kabla hakimu hajakisikia.

Ni Landrova, baba.

Tangu ulipoondoka ilikaa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mama hakutaka iguswe. Halafu siku moja tunapepeta alizeti, akasema tu, bila kuniangalia, "Siku ya kusimika msalaba wa baba yako nitaenda kanisani na gari yake. Sipandi bodaboda siku hiyo." Ndivyo tulivyoanza. Injini ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Siku ilipowaka hapa nyumbani, mama aliangusha ungo akatoka mbio mpaka uani, kama alivyokuwa akifanya ukirudi safari. Akafika, akaona ni fundi. Akarudi kuokota alizeti moja moja, na mimi sikuweza kumfuata.

Ikabaki rangi. Unakumbuka wewe uliipaka bluu, kwa brashi, rangi iliyobaki ya milango ya shule, mistari ya brashi ikaonekana mpaka mwisho. Kwenye kadi ya gari imeandikwa kijani. Unanijua nilivyo. Siwezi kulala kama karatasi inasema hiki na kitu chenyewe kinasema kingine. Nikasema irudi kijani, rangi yake ya kwanza.

Fundi wa rangi anaitwa Mudi, ana gereji pale Kiomboi, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake ni msafi. Jumatatu nilimpelekea gari pamoja na karatasi niliyoipiga chapa ofisini, vipengele tisa. Alicheka. "Dada karani, hii ni gari au ni mkataba wa barabara?" Nikamwambia aibandike ukutani asisahau. Kipengele cha nne kilisema hivi: Piga msasa milango yote, ndani na nje, usiache alama hata moja.

Milango yote, baba.

Jumanne nikiwa dirishani kwangu, ofisi ya vizazi na vifo, foleni imefika mlangoni, simu ikaita. Ni Mudi. Alisema, "Dada, na huu wa nyuma wenye maandishi?" Nilimsikia. Nataka ujue hivyo, nilimsikia kabisa. Lakini mbele yangu kulikuwa na mzee anayegombana na mwanawe juu ya jina la ukoo, na mkuu wangu amesimama nyuma yangu, na nilichotaka ni simu iishe. Nikasema, "Fundi, fuata karatasi." Nikakata.

Sikukumbushi mlango ule kwa sababu umeusahau. Aliyesahau ni mimi. Upande wa ndani wa mlango wa nyuma, kwa rangi nyeupe na brashi ndogo, uliandika kila mtoto aliyezaliwa ndani ya gari hilo njiani kuelekea hospitali. Jina, mtoto wa nani, siku, na neno moja au mawili: "mvua", "pancha", "salama wote". Ulisoma mpaka darasa la nne, na herufi zako zilikuwa kubwa zote, zimesimama kama watu kwenye foleni. Walikuwa kumi na mmoja. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini huandiki wale waliofika hospitali. Ukasema, "Hao wana daftari lao kule. Hawa wana mimi tu."

Jumatano akaja dirishani Mama Rehema wa hapa Ulemo. Unajua mtoto wake amefaulu? Rehema amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kinataka cheti cha kuzaliwa, na hana. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa pamoja na kikapu chake. Cheti cha shule kina mwaka aliokisia mwalimu siku ya kuandikisha watoto. Alibatizwa akiwa mkubwa. Zimebaki wiki mbili chuo kifunge kupokea nyaraka. Mama wa watu ameshikilia ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, ananiambia, "Mwanangu, wewe ndiye uko hapa ndani. Tusaidie."

Na mimi, baba, niliona fahari. Nikasema kwa sauti, mkuu wangu asikie, "Mama, jina la Rehema lipo kwenye mlango wa gari ya baba. Na siku yake." Mama Rehema akapiga kofi moja, akasema, "Mungu ampumzishe mzee yule!" Mkuu wangu ni mwanamke mkali lakini wa haki. Alisema maandishi ya zamani namna hiyo si kitu cha kupuuza: Mtendaji wa kijiji ayaone kwa macho yake, aandike barua, halafu apatikane mtu wa kula kiapo. Tukapanga Jumamosi, palepale gereji.

Niliporudi kukaa, ndipo sauti ya Mudi iliponirudia. "Na huu wa nyuma wenye maandishi?"

Sikumpigia. Niliogopa kumpigia. Nilikaa mpaka saa ya kutoka nikigonga mihuri, nadhani miwili niliigonga kichwa chini. Kisha nikaenda kwa miguu, taratibu, kama vile nikichelewa mlango utanisubiri.

Alikuwa ameung'oa, ameulaza juu ya mapipa mawili. Ulikuwa umeshapigwa msasa hadi bati, na juu yake rangi ya chini, ya kijivu, imeshakauka. Nikapitisha kiganja. Ulikuwa laini, baba. Kazi nzuri. Mudi akaniona uso, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye kipengele cha nne. Hakusema kwa ubaya. "Karatasi yako ndiyo imesema, dada. Nami nilipiga simu."

Nilimweleza. Ijumaa mchana nikarudi, naye alikuwa ameshapata dawa yake. "Andika tena wewe," akasema. "Wewe si mtoto wake? Mwandiko unaujua. Mimi nitaupaka oili chafu na vumbi, niuweke juani mpaka kesho. Mtendaji akija ataona mlango wa mzee. Nani atadhurika? Mtoto si kweli alizaliwa?"

Mtoto kweli alizaliwa. Siku naijua. Mama Rehema ataondoka na barua yake, Rehema atakwenda chuo, nami sitasimama mbele ya mtu yeyote. Akaniwekea kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo.

Niliandika herufi moja. R.

Ilitoka yako. Mguu wake ule uliokuwa ukiurusha mbele kidogo, ulitoka hivyohivyo, bila hata kujaribu. Niliiangalia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinituma kuandika barua za jirani asiyejua kusoma, na kila mara uliniambia, "Karani wangu, andika ulichokiona. Usichokiona kiache kama kilivyo." Mimi naweza kuwa wewe kwenye mlango ule mpaka hakuna atakayejua, si Mtendaji, si hakimu, si mama. Na kuanzia siku hiyo, kila neno ulilowahi kuandika lingekuwa linaweza kuwa langu. Majina yote kumi na moja. Hata jina lako kwenye kitambulisho changu.

Nikachovya tambara kwenye tina ya kuyeyushia rangi, nikaifuta. Mudi akatikisa kichwa. "Haya. Kesho usinitazame mimi."

Jumamosi walikuja wote watatu, Mtendaji na daftari lake, Mama Rehema na kitenge kipya, na Rehema mwenyewe, mrefu kuliko mama yake sasa. Niliwaamkia. Nikawapeleka mpaka kwenye mlango. Mtendaji akauliza, "Maandishi yako wapi?" Nikasema, "Nimeyafuta mimi." Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi, yalikauka yote. Nikaonyesha karatasi ukutani, nikaonyesha kipengele cha nne, nikasema fundi aliniuliza na mimi ndiye niliyemjibu.

Mama Rehema aliishika ile kijivu kwa vidole, kama kipofu anayepapasa. Kisha akanigeukia. "Kumbe kusoma kote huko ilikuwa ni kujifunza kufuta?"

Mtendaji akafunga daftari. Rehema alisema, "Mama, twende," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kukosa. Sauti ile ndiyo iliyoniumiza kuliko ya mama yake.

Walikuwa wameshafika barabarani. Mama Rehema akasimama, akarudi peke yake, haraka, kitenge amekishika mkononi. Akanitazama kwa karibu sana. "Ngoja kwanza. Wewe ulikuwepo."

Nikasema nilikuwa mtoto.

"Ulikuwepo! Mama mkwe wangu alikutoa kiti cha mbele akakuleta nyuma, akakupa kanga ushike. Ulishika kanga wewe! Mama mkwe amekufa, baba yako amekufa. Aliyebaki duniani ni mimi na wewe, na mimi wanasema ni mzazi, nitasema lolote. Sasa unaogopa nini?"

Baba, naogopa. Mkuu wangu nilimpigia jana hiyohiyo. Alisema hakimu anapokea viapo Jumatatu saa tatu, na nikila kiapo, nakuwa shahidi, faili hilo halitapita mezani kwangu tena, na niandike maelezo ya kilichotokea kwa mlango, yaingie kwenye faili na sahihi yangu. Mkataba wangu ni wa muda, unajua. Alisema pia, "Hakimu atakuuliza ulikuwa na miaka mingapi, na unakumbukaje siku. Ukisitasita, utamharibia mtoto wa watu kabisa." Nami maisha yangu yote nimekaa upande wa pili wa dirisha, naandika wengine walichokiona. Mtu akiniuliza jambo hadharani, masikio yanaziba.

Nimefungua sanduku langu la karatasi. Mlikuwa mkinicheka, wewe na mama, kwamba sitoi hata risiti ya kiberiti. Ripoti yangu ya darasa la kwanza ipo, baba. Siku ya kufunga shule imeandikwa juu na mwalimu. Chini, penye sahihi ya mzazi, ipo yako, na alama ya kidole chenye matope.

Kwa hiyo kesho nitasema hivi. Nitasema nilikuwa na miaka saba, natoka shule siku ya kufunga, ripoti mkononi, ukasimamisha gari ukanipakia. Nyuma alikuwamo mama mmoja analia na bibi mmoja anamwambia asilie. Mvua ilikuwa imeacha lakini mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, hayapitiki. Ulizima injini. Ulishuka ukaenda kusimama mbele ya gari, ukatupa mgongo, ukavua kofia. Bibi akanipa kanga niishike juu kwa mikono miwili, nikageuza uso kwenye dirisha la mbele kama nilivyoambiwa. Mikono iliuma. Nilikuwa nimeibana ripoti kwapani. Nilimwona baba yangu akiutazama mto. Kisha nikasikia mtoto. Sikumwona akizaliwa, nitalisema hilo pia. Nilimsikia, na nilipogeuka alikuwepo. Kabla hatujaanza kurudi kijijini ulitaka kuona ripoti yangu, ukaisoma yote pale kwenye matope, ukaomba kalamu ukasaini. Na nyumbani, kabla ya kula, ulitoa kopo la rangi nyeupe. Mimi ndiye niliyelishika.

Hayo tu. Sitaongeza hata neno moja, na sitapunguza.

Mlango bado upo kijivu ndani. Nimemwambia Mudi apulize kijani gari zima, lakini upande ule auache mpaka nimalize. Leo asubuhi kabla ya ibada nilipita pale, nikaandika kwa mwandiko wangu mdogo wa ofisini, ule uliokuwa ukisema unahitaji miwani: "Hapa baba yangu aliandika majina ya watoto kumi na mmoja. Nimeyafuta mimi kwa kutosikiliza. Ninaowakumbuka ni hawa." Nikaweka jina langu. Nawakumbuka saba. Wa kwanza niliyemwandika ni Rehema, na mbele ya jina lake sikuandika siku. Nimeacha nafasi. Siku nitaiandika kesho nikitoka mahakamani, kama nitakuwa nimeisema kwa kiapo. Kama masikio yataziba nisiweze, nafasi ile itabaki wazi, na mama ataiona siku ya msalaba, na wewe utakuwa umejua.

Wale wanne waliobaki nitawatafuta, baba. Nitauliza nyumba kwa nyumba, Ulemo mpaka Kinyangiri, kila mtu aliyewahi kupanda gari lako. Na nitaandika wanachoniambia, nao wakiwa wamesimama pembeni yangu.

Mama ameamka, namsikia anauliza kama nimekula. Naenda. Pumzika, baba. Kesho saa tatu, kama kule mnasikia, simama mbele ya gari kama siku ile, utupe mgongo, uvue kofia. Mimi nitashika kanga.

Mwanao,
karani wako.